Vumbi la barabarani lina madini ya risasi? Sampuli zichukuliwe vipi, majibu yasomwe vipi?

mlezi_buguruni
Habari wakuu. Kituo cha watoto wadogo kiko kama hatua kumi na mbili kutoka barabara ya malori, ng'ambo kuna fundi betri na gereji. Vumbi linafika mpaka kwenye mikeka. Tunataka lipimwe metali nzito. Tuchukue kiasi gani, wapi, na tutajuaje kama ni hatari? Watoto tuwavalishe barakoa?

chekeche150
Subiri wiki nzima bila mvua, maana maji huondoka na lile vumbi laini, na metali nyingi zimo humo. Brashi na kizoleo viwe vya plastiki; kizoleo cha mabati kitakuongezea zinki isiyotoka barabarani. Chora mita 1 kwa 1, fagia polepole lisipeperuke, changanya sehemu tano ziwe sampuli moja ya gramu 200 hivi. Chukua ukingo wa lami, mlangoni, juu ya mikeka, mbele ya fundi betri, na uchochoro usiopita magari. Hiyo ya mwisho watu huiruka, halafu majibu yakija hawana cha kulinganisha nacho.

Maabara waianike kivulini, watoe kokoto, kisha wachekeche kwa mikromita 150: chembe za chini ya hapo ndizo zinazoganda viganjani. Waulize chekeche ni ya nini. Ikiwa ya aloi ya shaba na zinki, namba za metali hizo mbili zitupe. Wakitumia mashine ya mkononi ya eksirei, namba ya arseniki usiiamini penye risasi nyingi, kwa kuwa mistari ya eksirei ambayo mashine hutambulia metali hizo mbili inapandiana.

Mama Kemia
Majibu yasome kwa jozi. Zinki na shaba zikipanda pamoja, hayo ni matairi na pedi za breki. Risasi na kromiamu pamoja, shuku rangi ya njano iliyobanduka. Risasi peke yake, tena inayopungua kadiri unavyomwacha fundi betri, jibu unalo. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, chanzo cha risasi kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Petroli yenye risasi tuliachana nayo kufikia 2006, lakini risasi haiozi, bado imo kwenye udongo wa kando ya barabara.

Kwa kuanzia tumia miligramu 200 za risasi kwa kilo, kiwango cha Marekani cha udongo wa makazi tangu 2024. Zamani kilikuwa 400. Hesabu: vumbi la 300, mtoto akimeza gramu 0.2 kwa siku, ni mikrogramu 60. Kwa mtoto wa kilo 15 ni 4 kwa kila kilo. Ripoti nyingi hugawanya kwa 3.5, yaani kikomo cha zamani cha mikrogramu kwa kilo ya mwili kwa siku, zikipata chini ya 1 zinaandika "salama". Msidanganyike: kikomo kilichozaa hiyo 3.5 kilifutwa 2010, kwa kuwa hakuna kiwango cha risasi kilichothibitika kutomdhuru mtoto.

deki_kwanza
Barakoa weka pembeni. Risasi hii inapita mdomoni zaidi kuliko puani, na mtoto huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Acheni kufagia pakavu, pigeni deki, maji yabadilishwe kila chumba. Viatu vibaki nje. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji. Kitakasa mikono hakiondoi metali. Mtoto mwenye upungufu wa madini chuma hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo dagaa na maharage visikosekane.

Mkipima damu ya watoto: ya kidole inatosha kwa kipimo cha awali, ila kidole kisiposuguliwa vizuri mnapima vumbi la ngozi. Risasi ikionekana juu, rudieni kwa damu ya mshipa. Mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu na kuendelea, WHO inataka chanzo kitafutwe na kiondolewe.

mlezi_buguruni
Nashukuru. Na uwanja wa kuchezea, ni udongo mtupu?

chekeche150
Msiufagie. Ufunikeni: pevingi, au udongo safi wa sentimita 15 na nyasi juu. Udongo huo msichote kando ya barabara hiyohiyo.