Methodi ziachwe wazi kama Java au zifungwe kama Kotlin?

Kodi_Usiku: Wakuu, mradi wetu una lugha mbili za programu pamoja, Java na Kotlin, zote juu ya JVM, mashine pepe inayoziendesha. Kwenye Java, klasi mtoto (inayorithi) inaweza kubatilisha methodi ya mzazi, yaani kuiandika upya kazi yake, mpaka uizuie kwa "final". Kwenye Kotlin huigusi mpaka mwenyewe aandike "open". Naona Kotlin inatubana bure. Mnasemaje?

BintiSintaksi: Anayeacha kila kitu wazi ni mvivu wa kufikiri.

Mkongwe_J: Mvivu nani? Nimeanza Java kabla @Override, alama ya kusema "hapa nabatilisha", haijaja na toleo la 5, 2004 hiyo. Mifumo yangu inafanya kazi mpaka leo. Heshima kidogo, dada.

BintiSintaksi: Kaka, kufanya kazi si hoja. Mzazi ana hesabuRiba(int), mtoto kaibatilisha bila @Override. Kesho mzazi anaibadilisha iwe hesabuRiba(long), aina nyingine ya namba, kwa hiyo hazilingani tena. Java inakompaili (inatafsiri msimbo) kimya, na anayeita kupitia aina ya mzazi anapata hesabu ya mzazi. Riba inatoka sivyo na hakuna aliyeonywa! Kotlin inadai neno "override", ingegoma palepale.

Fundi_Nafasi: Ingegoma ukikompaili upya tu. Ukibadilisha jar ya mzazi (faili la msimbo uliokwisha kompailiwa) peke yake, JVM haijui habari ya @Override wala "override" ya Kotlin. Inalinganisha jina, aina za vigezo na aina ya jibu, basi. "final" ndiyo inayokaguliwa klasi ikipakiwa. CLR ya .NET, mwenzake JVM upande wa Microsoft, ina alama ya "newslot" kwenye metadata (maelezo ya klasi): methodi ya mtoto iliyojitegemea inabaki hivyo hata mzazi akija kuongeza yenye jina lilelile. JVM ingeifanya ibatilishe bila mtu kukusudia.

Mkongwe_J: Sawa, ila neno "mvivu" bado liko pale juu.

Mwanagenzi: Kama kufunga ni kuzuri hivyo, mbona Kotlin wenyewe wametoa programu-jalizi ya all-open, ya kufungua klasi, kwa ajili ya Spring, ile fremuweki ya kujengea programu juu ya JVM?

Mkongwe_J: Hapo sasa! Wanafunga mlango, kisha wanagawa funguo.

BintiSintaksi: Inafungua klasi zenye anotesheni (alama za @) ulizotaja tu, kwa sababu Spring hutengeneza klasi mtoto wakati programu inaendeshwa. Someni kabla ya kushangilia.

Kodi_Usiku: Kwa hiyo tatizo ni Spring, si Kotlin?

Mkongwe_J: Usiiguse Spring. Nimeilea timu nzima juu yake.

Fundi_Nafasi: Hakuna aliyejibu la jar bado.