Coca-Cola waliahidi robo ya soda iuzwe kwenye chupa za kurudisha, 2024 wakaifuta ahadi, na mitaro inayojaa plastiki ni ya kwetu

Wakuu, hii kitu imenikaa kooni muda mrefu, leo naimwaga yote. Atakayeona ndefu apite, ila wenye maduka na mnaokaa mabondeni naomba msome, maana inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu mabosi wa Atlanta, kule Marekani kwenye makao makuu ya Coca-Cola.

Februari 2022 Coca-Cola walitangazia dunia nzima kwamba ikifika 2030 angalau asilimia 25 ya vinywaji vyao vitauzwa kwenye vyombo vya kurudisha, yaani chupa za glasi, zile za plastiki ngumu zinazooshwa na kujazwa tena, na mashine za kukinga kwenye glasi yako. Wakati huo walikuwa kwenye asilimia 16 hivi. Baadaye ikashuka mpaka 14. Mtu aliyeahidi kupanda anashuka, basi ungetegemea aongeze bidii, aongeze kreti, aongeze mashine za kuosha chupa. Wao Desemba 2024, siku zilezile mazungumzo ya mkataba wa plastiki kule Busan, Korea Kusini, yalipomalizika bila mkataba, wakatoa malengo mapya na hilo la robo halimo ndani, limeondolewa lote. Na lile la 2018, kwamba kwa kila chupa au kopo wanalouza watasaidia kukusanya moja ikifika 2030, limekuwa asilimia 70 mpaka 75 ikifika 2035. Malighafi iliyorejelewa walisema nusu ya vifungashio vyote ikifika 2030, sasa ni 35 mpaka 40, na mwaka umesogezwa hukohuko 2035.

Nina hasira kwa sababu hilo la robo lilikuwa ndilo lengo pekee ambalo sisi huku tulikuwa tumeshalitekeleza kabla hawajaliandika. Kila mtu hapa anajua soda ya chupa ilivyokuwa inakwenda. Unaenda kwa Mangi na chupa yako tupu, huna chupa unaacha hela ya chupa, hutaki yote hayo unakunywa palepale umesimama unarudisha chupa juu ya kaunta. Gari linakuja na kreti zilizojaa, chupa ishirini na nne kila moja, linaondoka na kreti tupu, kiwandani zinaoshwa zinakaguliwa zinajazwa zinarudi mtaani, na zile alama nyeupe za kusuguana ubavuni mwa chupa zinakuonyesha imeshazunguka mara nyingi sana. Umewahi kuona chupa ya glasi ya soda imetupwa mtaroni? Ni nadra mno, kwa sababu ile ni hela, mtoto akiiona ataiokota akabadilishe. Hakuna kampeni, hakuna tangazo la kuhamasisha usafi, hela ya chupa peke yake ndiyo inafanya kazi yote.

Sasa nenda Jangwani hapa Dar mvua ikinyesha uangalie kinachoteremka na Mto Msimbazi. Plastiki tupu. Serikali imepiga marufuku mifuko ya plastiki toka Juni 2019, chupa za plastiki haikuzigusa, kwa hiyo tumebaki tunawategemea waokota makopo, watu wanaobeba viroba mgongoni juani wanalipwa kwa kilo, eti hao ndio mpango wa mazingira wa kampuni yenye faida ya mabilioni ya dola. Aprili 2024 ulitoka utafiti kwenye jarida la Science Advances, watu wa kujitolea wameokota na kuhesabu taka za plastiki nchi 84 kuanzia 2018 mpaka 2022, vipande zaidi ya milioni moja na laki nane, na katika vile vilivyokuwa na jina la kampuni Coca-Cola peke yao walikuwa na asilimia 11, wa kwanza duniani. Mwaka huohuo 2022 walioweka ile ahadi, mwezi wa Novemba walikuwa wadhamini wa mkutano wa tabianchi COP27 kule Sharm el-Sheikh Misri.

Kuna mtu atakuja kuniambia wateja wenyewe ndio wanataka plastiki. Hiyo hoja naijua na naijua ilikotoka, Januari 2020 kule Davos mkuu wao wa masuala ya mazingira, Bea Perez, aliwaambia BBC kwamba hawataacha chupa za plastiki za kutumia mara moja kwa sababu wateja bado wanazitaka, zinafungika na ni nyepesi. Nakubali abiria wa basi la Mbeya hawezi kubeba chupa ya glasi aje airudishe Magufuli stendi. Lakini huyo ni abiria, je huyu anayekula chipsi hapa nje, hatua tano kutoka kaunta, yeye kwa nini anapewa plastiki? Anapewa kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye friji, na friji si la mwenye duka, ni la kampuni, na kampuni ndiyo inasema kipi kiwekwe wapi. Huko Ulaya Kamisheni ya Umoja wa Ulaya iliwabana mpaka 2005 wakakubali kuacha asilimia 20 ya nafasi kwenye friji zao kwa vinywaji vya wengine pale duka lisipokuwa na friji jingine. Mwenye nguvu ya kiasi hicho juu ya friji la watu hawezi kuja kusema mteja ndiye aliyechagua. Mimi mwenyewe nauza duka, kuna gari la vinywaji, kampuni siitaji, miaka hii ukiomba kreti za chupa unaambiwa hazipo, chukua plastiki, na ukizikataa unalala bila soda.

Sasa twende kwenye uongozi wenyewe, maana watu wengi wanadhani hii ni bahati mbaya au uzembe wa mtu mmoja, mimi naona ni utamaduni wa ile kampuni toka zamani. Mwaka 1899 Asa Candler, mmiliki wa Coca-Cola wakati huo, aliwauzia mawakili wawili wa Chattanooga haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa karibu Marekani yote kwa dola moja. Toka hapo kampuni mama inauza ule mchanganyiko wa siri na jina, faida nono iko huko, halafu viwanda, malori, kreti, mashine za kuoshea chupa, wafanyakazi na madeni vinabebwa na mwingine. 1986 chini ya bosi wao Roberto Goizueta wakakusanya viwanda vyao vya Marekani wakaunda Coca-Cola Enterprises, wao wakabaki na asilimia 49 ili yale madeni yasikae kwenye vitabu vya Atlanta. 2010 wakainunua tena sehemu ya Amerika Kaskazini, 2017 wakamaliza kuvigawa viwanda kwa wengine tena. Goizueta aliichukua kampuni 1981 ikiwa na thamani ya dola bilioni 4 hivi, alipofariki 1997 ilikuwa inakaribia bilioni 150, na kila bosi aliyekuja nyuma yake amepimwa kwa rula hiyohiyo ya bei ya hisa. Kwa rula hiyo chupa ya glasi ni mzigo, nzito kwenye lori, inataka maji ya kuoshea, inataka hela ilale kwenye kreti. Plastiki ukishaiuza umemalizana nayo, mzigo unahamia kwa manispaa na kwa mama anayekaa bondeni.

Ndio maana ahadi zao zote zina tarehe ya mbali. 2009 walikuja na PlantBottle, chupa ya plastiki ambayo mpaka asilimia 30 ya malighafi yake imetokana na mimea, wakasema ikifika 2020 chupa zao zote za plastiki zitakuwa hizo. 2020 ikafika ikapita. Aliyekuwa anaongoza enzi hizo ni Muhtar Kent, alishaachia kiti 2017. Akaja James Quincey, akatangaza 2018, akatangaza 2022, akapunguza 2024, na Desemba 2025 ikatangazwa kwamba anampisha Henrique Braun kuanzia mwisho wa Machi 2026, mwenyewe anabaki mwenyekiti wa bodi. Ile 2030 aliyoiweka isingemkuta kwenye kiti. Hii 2035 tusubiri kuona itamkuta nani. Hakuna mtu hata mmoja kwenye huo mnyororo anayepoteza kitu ahadi ikifa.

Na wasiseme hawawezi kubadilika haraka. Aprili 23 mwaka 1985 walibadilisha ladha ya Coca-Cola, Wamarekani wakapiga simu, wakaandika barua, wakachachamaa, siku 79 baadaye ladha ya zamani imerudishwa. Siku 79! Kwa ladha. Kampuni kubwa kuliko zote za soda ikakubali hadharani kwamba watu wake hawajaridhika na ikageuza mashine. Sisi tunalia na plastiki miaka yote hii na tunachopewa ni malengo mapya yaliyo madogo kuliko ya zamani.

Huyu Braun mimi namwekea swali la peke yake. Yeye aliingia kampuni 1996, na 2018 alikuwa ndiye anaongoza Brazil, mwaka ambao Brazil walianzisha chupa moja ya plastiki ngumu ya kurudisha, umbo moja rangi moja kwa soda zao tofauti, Fanta, Sprite, Coca-Cola, lebo ya karatasi inaoshwa kiwandani inabandikwa nyingine. Mteja anarudisha chupa anapunguziwa bei kwenye soda inayofuata. Ikafanya kazi na wakaipeleka nchi nyingine za Amerika Kusini. Kwa hiyo bosi mpya analijua hili jambo kwa mikono yake, hahitaji kuandikiwa ripoti na mshauri. Kama lilifanyika Brazil kwa nini lisifanyike Dar, Nairobi, Kampala, sehemu ambazo kreti na mazoea ya kurudisha chupa vilikuwepo kabla yake?

Halafu kuna hili la kuuzwa ambalo naona watu hawalizungumzii. Coca-Cola Kwanza yetu, wanaojaza soda hizo hapa Tanzania, iko chini ya CCBA (Coca-Cola Beverages Africa), kampuni yenye viwanda nchi 14 za Afrika, na karibu asilimia 40 ya Coca-Cola yote inayouzwa bara hili inapita kwao. 2017 Atlanta walinunua hisa za kampuni ya bia ya AB InBev humo wakawa ndio wenye hisa nyingi zaidi. 2021 wakasema wataipeleka soko la hisa, 2022 wakasitisha, Oktoba 2025 wakatangaza kwamba asilimia 75 inauzwa kwa Coca-Cola HBC yenye makao Uswisi, dola bilioni 2.6. Taarifa zote nilizosoma zinaongelea ukuaji, idadi ya watu, vijana wa Afrika. Kreti zetu za chupa sijaziona popote. Wanainunua Afrika kwa sababu tupo wengi na tutakunywa zaidi, sasa hizo soda za ziada zinakuja ndani ya nini?

Ninachotaka ni hivi. Atlanta na hao HBC waseme kwa maandishi, nchi kwa nchi, mwaka jana chupa za kurudisha zilikuwa asilimia ngapi ya mauzo na mwaka huu ngapi, sio wastani wa dunia. Waseme laini za kuoshea glasi zilizopo zinabaki au zinang'olewa. Muuza duka akiomba kreti ya glasi apewe. Na NEMC, baraza la taifa la mazingira, waache kuhangaika na mifuko ya muuza nyanya peke yake, waweke hela ya chupa kwenye kila chupa ya plastiki, kampuni ilazimike kuinunua tena palepale dukani.

Wenye maduka mikoani, Moshi, Mwanza, Mbeya, Tanga, semeni hapa chini huko kwenu kreti za glasi bado mnapata au na nyie mnaambiwa hazipo.