Tochi imepewa namba zetu

Shangazi: Wanangu, simu imejisasisha juzi, leo inaniuliza kama nakubali kutuma data ya matumizi na uchunguzi. Naogopa kubonyeza.

Zuhura: Shikamoo shangazi. Hiyo ni taarifa ya chaji, mtandao unashika vipi, programu unazifungua mara ngapi. Kataa tu, simu itafanya kazi vilevile.

Shangazi: Marahaba. Nimekataa. Nimemaliza?

Zuhura: Bado, kubwa liko mbele. Ingia Mipangilio, Faragha, halafu Dashibodi ya faragha. Utaona programu zipi zimetumia mahali ulipo, kamera na maikrofoni kwa saa 24 zilizopita.

Baba Mdogo: Kwangu haipo.

Zuhura: Ilikuja na Android 12, mwaka 2021, baba mdogo. Yako tafuta Kidhibiti cha ruhusa.

Shangazi: Zuhura! Tochi imeangalia mahali nilipo saa 8 usiku. Nilikuwa nimelala!

Zuhura: Ile uliyoipakua? Iondoe, shangazi. Simu ina tochi yake, vuta skrini kutoka juu utaiona. Ila kabla hujaiondoa, angalia uliipa ruhusa gani nyingine.

Shangazi: Anwani. Ndiyo namba zenu hizo?

Zuhura: Ndiyo. Na hapo ndipo panaponiuma. Simu ni ya mtu mmoja lakini namba zilizomo ni zetu sote. Ukikubali wewe, umemkubalia hata bibi ambaye simu janja hajawahi kuishika. Ukiiondoa haitasoma tena, ila ilichokwisha kuchukua hakirudi. Jamani, kila mtu apitie ya kwake leo.

Kaka Idi: Mimi wa iPhone nimo?

Zuhura: Umo kaka. Tangu iOS 14.5, toleo la mfumo wa iPhone, programu lazima ikuombe kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Swali ni wewe ulijibu nini. Fungua sehemu ya faragha, uangalie ufuatiliaji.

Kaka Idi: Tisa nimeziruhusu. Sikumbuki hata moja. Nazizima.

Shangazi: Tochi nimeitoa. Ramani nayo?

Zuhura: Ramani bila mahali haikuongozi. Iruhusu wakati unaitumia tu. Ya hali ya hewa izimie mahali mahususi, ibaki na makadirio, mvua haihitaji kujua mlango wako.

Baba Mdogo: Nimekipata hicho kidhibiti. Kwenye maikrofoni ziko kumi na nne. Zuhura, usitoke hewani, nakusomea moja moja.