ATI NIVAE SOKSI!!! Huyu fundi wa sakafu ameniua leo

Watu wa Molo, Elburgon, Njoro, mnamjua, simtaji, yule wa pikapu nyeupe anayejiita injinia. Nimetoka kwa nyumba yangu mpya sahii na mikono inatetemeka.

Huku Molo tuko juu zaidi ya mita 2,400, Julai asubuhi unatoa mvuke mdomoni ukiwa ndani ya nyumba, ndio tukaamua kabla ya sakafu ya mbao zipite paipu za maji moto chini, pampu, themostati, pesa ya viazi yote ikaingia hapo. Sasa bwana mkubwa badala ya gundi akaleta misumari ya simiti. MISUMARI! Akapigilia mbao juu ya paipu kama anajenga boma la ng'ombe, presha hakupima, leo tunafungua pampu maji yanaruka hadi dari, paka amehama mtaa, nauliza imekuwaje, ananiangalia tu, "mama, si uvae soksi."

Soksi! Nimesimama kwa maji!

Na hiyo skridi, ule mchanga na simiti unaomwagwa juu ya paipu, hakungoja ikauke, kila mtu wa hiyo kazi anajua ni karibu siku moja kwa kila milimita, yetu ya milimita 50 ilitaka kama wiki saba, yeye wiki ya pili ashapanga mbao, tena mvule nzima nzima badala ya zile za tabaka zinazovumilia joto, sasa zimeinuka mlango wa jikoni haufungi. Nilimwambia uso wa mbao usipite digrii 27 akacheka. Akacheka! Halafu soksi. Mbele ya mama mkwe, aki, ati soksi.

Pareto_Njoro: NI YEYE!! Kwangu aliweka dirisha la choo likaangalia sebuleni, kulalamika akaniambia wageni wafunge macho.

Jamaa_wa_Kondele: Sisi Kisumu tunalala milango wazi juu ya joto, nyinyi mnachemsha sakafu? Pesa mko nayo bana

Mwenye uzi: Kuja ulale Molo usiku mmoja bila blanketi alafu urudi hapa uongee.

Tabasamu78: Mwacheni, si ushamba. Wakorea wamepasha sakafu tangu zamani sana, ile ondol yao moshi wa jiko ulikuwa unapita chini ya mawe ya sakafu. Lakini dada, soksi pia ni bei nafuu 😂

Mwenye uzi: USIANZE NA HIYO SOKSI

Shikuku_K: Afadhali wewe fundi wako anaonekana. Wangu wa mabati amepotea na depositi, na mvua ya Kakamega mnaijua, kila jioni iko na mimi kitandani.

Jamaa_wa_Kondele: Geji gani?

Shikuku_K: Tulielewana 28 akaleta 32.

Pareto_Njoro: 32 ukikohoa inapinda. Mabati nunua mwenyewe, fundi asiguse pesa.

Mwenye uzi: Jameni na sakafu yangu?

Shikuku_K: Pole dada. Pareto, 28 hapo Nakuru unapata kwa nani?

Jamaa_wa_Kondele: Na mkiwa hapo, nani ana fundi wa tangi Kisumu asiyelewa kabla ya saa nne? Wangu alilala ndani ya tangi.