Mdogo wangu ni kiziwi, huduma kwa wateja wanasema "mpe simu aongee mwenyewe"!

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Dodoma, maeneo ya Majengo. Ni kiziwi. Kusoma na kuandika anajua vizuri, biashara yake yote inaenda kwa meseji. Juzi alikosea tarakimu moja, hela ya vitambaa ikaingia kwa mtu asiyemjua. Tukakimbilia duka la kampuni yake ya simu. Dada wa kaunta hata hakumtazama, ananiuliza mimi: "Anasemaje huyu?" Akatuambia tupige huduma kwa wateja, ndio wanaozuia muamala.

Nikapiga. "Nahitaji kuongea na mwenye laini." Nikamwambia ni kiziwi, yuko hapa, uliza chochote namwandikia anajibu. "Kwa usalama wa akaunti, mpe simu aongee mwenyewe."

Nikampa. Akaiweka sikioni huku ananiangalia usoni, mimi nasikia "halo, halo" kwa mbali, kisha ikakatwa. Tulipompata wa kutusikiliza, hela ilishatolewa.

Usalama gani huo? Kwani sauti yangu mimi wanaijua? Laini yake imesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Kidole anacho, na mashine ya kukisoma iko hapo hapo kaunta. Wangehakiki wakamaliza.

Wasioona nao wanaumia. Simu inawasomea menyu ya miamala, haijafika mwisho menyu imejifunga. Wengine wanaishia kumtajia wakala namba ya siri, halafu tunashangaa wakiibiwa!

Na msiniambie ni suala la huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, kifungu cha 9 kinataja mawasiliano waziwazi. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Marekani, sheria ya 1990 ilizibana kampuni za simu ziweke mtu wa kati: kiziwi anaandika, yeye anamsomea wa upande wa pili. Sisi tunashindwa hata kuhudumiwa kwa meseji na mtu mwenye mamlaka ya kuzuia muamala?

Mlio na ndugu viziwi hapa Dodoma: kuna duka lolote la kampuni ya simu lenye mhudumu anayejua lugha ya alama? Litajeni, tunahamisha laini kesho.