MREJESHO: Yule wa uhasibu aliyeuliza kuhusu CPA

Wakuu, niliuliza: nimehitimu shahada ya uhasibu, nisubiri usaili wa Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) au nianze CPA, ile sifa ya uhasibu wa kitaaluma? Mlinishauri nifanye vyote, na nimefanya. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba, nalenga Novemba. Mchana najitolea kwa mkaguzi wa hesabu hapa Mwanza, ananipa nauli. Kulinganisha daftari la fedha la mteja na taarifa ya benki, risiti moja moja, kumenifungua macho kuliko mihadhara yote. Serikalini bado sijaitwa. Dada uliyenikumbusha makato ya mkopo wa chuo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ubarikiwe sana: nikiitwa kujadili mshahara, nitaanzia hapo.