Ushauri: binti yangu anahangaika na 123,456,789, nimsaidieje bila kumpa jibu?

Seremala_Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi seremala hapa Dodoma, niliishia darasa la saba. Binti yangu yupo kidato cha kwanza. Wiki iliyopita aliandika 123,456,789 akasema ataivunja mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. 3 iliingia mara mbili, ikabaki 13,717,421. Tangu hapo kila jioni anagawa tu. Amefika 211, kaunta buku inaelekea kuisha. Juzi kuna mtu kamwambia anapoteza muda, karudi nyumbani analia. Simu inaweza kumpa jibu sasa hivi, ila naona nitakuwa nimemnyang'anya kitu. Kuna njia ya kalamu na karatasi?

Zabibu_Hombolo: Mkuu, kama imekataa 7, 11 na 13, hiyo ni tasa. Apumzike.

MamaKibaigwa: Hapana ndugu yangu. Ili useme ni tasa, lazima ujaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili, kama 3,703 hivi. Ziko zaidi ya 500! Baba, huyo mtoto hajapoteza muda hata kidogo. Muulize kwa nini 9 iliingia. Tarakimu 1 hadi 9 jumla yake ni 45, nayo inagawanyika kwa 9; jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 9, namba yenyewe nayo hugawanyika, kwa hiyo hata azipange upya vipi, kwa mipangilio yote 362,880, hatapata namba tasa hata moja. Akiligundua hilo mwenyewe atalala na furaha.

Mwl_Mstaafu_Mpwapwa: Mwanangu, ipo njia ya Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Badala ya kugawa, anatafuta miraba miwili (mraba ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe) ambayo tofauti yake ni namba yake; akiipata, namba mbili zilizozaa miraba hiyo, zikitolewa kisha zikijumlishwa, zinampa vigawo viwili. Aanze juu kidogo ya kipeuo: 3,704 × 3,704 = 13,719,616. Akitoa namba yake inabaki 2,195, ambayo si mraba kamili. Apande 3,705. Hapo nakuomba umwachie afanye mwenyewe, usiongeze neno. Njia hii huenda haraka pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiachana sana, itamchosha kuliko kugawa.

Seremala_Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Nilimwonyesha hiyo 3,704 tu. Ya 3,705 kafanya mwenyewe: 13,727,025, akatoa, ikabaki 9,604. Kakaa kimya, kisha kapiga kelele: 98 mara 98! Basi 3,705 toa 98 ni 3,607, jumlisha 98 ni 3,803. Akazidisha, ikarudi 13,717,421 ileile. Sasa atajuaje kama hizo mbili ni tasa?

Mwl_Mstaafu_Mpwapwa: Marahaba. Ajaribu tasa kuanzia 2 hadi 61, ziko 18 tu; 62 × 62 tayari inazizidi zote mbili.

Seremala_Nkuhungu: Zote zimekataa, mwalimu. Kaandika kwa wino mwekundu 3 × 3 × 3,607 × 3,803. Nimemnunulia kaunta buku nyingine, keshaanza 987,654,321. 17 imeingia mara mbili.